Nataka kusoma muhula mmoja Ujerumani na chuo changu hakina makubaliano nao. Nianzie wapi?

"Shikamoo. Niko mwaka wa pili, shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira, katika chuo kikuu cha umma hapa Tanzania. Tumemaliza muhula wa kwanza na GPA yangu ni 3.9. Ndoto yangu ni kusoma muhula mmoja Ujerumani nikiwa mwaka wa tatu, kisha nirudi nimalizie hapa. Chuo changu hakina makubaliano na chuo ninachokitaka, kwa hiyo nitajipangia mwenyewe. Nimesikia elimu kule ni bure. Wakala mmoja ameniambia nikimpa shilingi milioni tatu na nusu atanitafutia udahili na viza ya matembezi, ambayo inatoka haraka, halafu nikifika naibadilisha iwe ya masomo. Nina mkopo wa Bodi. Baba yuko tayari kuuza kiwanja chetu cha Kibaha. Ila rafiki yangu ananiambia nikiondoka nitarudi nikute nimedisko. Je, inawezekana? Masomo yatahesabiwa? Bumu litaendelea?"

Marahaba, binti yangu. Inawezekana. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonisimamisha ni mpangilio wake. Wakala umeshamwona, baba umeshazungumza naye, kiwanja kimeshatajwa, ila sioni popote ulipoandika kwamba umeingia ofisini kwa mkuu wa idara yako. Hapo ndipo pa kuanzia. Muhula wa nje hupatikana au hupotea hapa nyumbani, kabla hata hujashika fomu ya viza.

Nina sababu ya kusisitiza. Wakati nikihudumia wanafunzi wanaokwenda nje, alinijia kijana aliyerudi kutoka Ulaya na matokeo mazuri sana, masomo matano, yote amefaulu. Alipoyapeleka idarani kwake akaambiwa hayatambuliki. Mkuu wa idara aliyemwambia "nenda tu, ukirudi tutayahesabu" alikuwa amemaliza muda wake, na aliyeshika nafasi hiyo hakukuta karatasi yoyote kwenye faili. Kijana yule aliyasoma upya masomo yaleyale, akamaliza mwaka mzima nyuma ya wenzake. Hakuna aliyemdhulumu kwa makusudi. Ahadi ilitolewa kwa mdomo, basi. Mpaka leo nikimkumbuka naumia, kwa sababu barua ya ukurasa mmoja ingemwokoa.

Kwa hiyo nitakujibu kinyume na ulivyouliza: kwanza chuo chako, halafu Ujerumani, halafu fedha na viza. Wakala atakuja mwishoni, mahali anapostahili.

Tuanze na masomo kuhesabiwa, maana hapo ndipo wengi hudhani kwamba somo ni somo, ukifaulu popote umefaulu. Sivyo. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, maabara na kujisomea. Mwaka mzima una krediti 120, kwa hiyo muhula una kama 60. Ulaya wana kipimo chao kinachoitwa ECTS: mwaka ni 60, muhula ni 30, na kila moja ni saa 25 hadi 30. Sasa chukua somo lako la krediti 12 uliweke kando ya somo la kule la ECTS 5, ukubwa ambao utaukuta mara kwa mara. Idara ikilinganisha kwa mgawanyo wa mwaka, ECTS moja ni krediti mbili. Somo lile linakupa krediti 10 na halizibi pengo la 12. Ikilinganisha kwa saa, ECTS 5 ni saa 125 hadi 150, yaani krediti 12 na nusu hadi 15, na pengo linazibika vizuri. Somo ni lilelile na mwanafunzi ni yuleyule, ila hesabu moja inakupitisha na nyingine inakurudisha. Zote mbili zina hoja. Ndiyo maana idara inapaswa kuandika, kabla hujaondoka, kwamba itatumia hesabu ipi.

Alama nazo zina mtego wake, na mtego huu ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Ujerumani alama ya juu kabisa ni 1.0, ya mwisho ya kufaulu ni 4.0, na 5.0 ni kufeli. Kwetu 5.0 ndiyo kilele. Fikiria mtu wa ofisi ya mitihani anayepokea hati yako yenye 1.3, hajui mfumo wa kule, na ana mamia ya majina ya kuingiza siku hiyo. Vyuo vya Ujerumani vinapopokea alama za nje hutumia mara nyingi kanuni inayojulikana kwa jina la Bavaria: unachukua tofauti kati ya alama ya juu na alama yako, unaigawa kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, unazidisha kwa tatu, unaongeza moja. Kwa mfumo wetu, wenye kilele cha 5.0 na kufaulu kuanzia 2.0, hesabu inakuwa nyepesi ajabu: toa GPA yako kwenye 6. GPA yako ya 3.9 kule ni 2.1, ambayo kwao huitwa "nzuri". Ukigeuza, 1.3 ya kule ni 4.7 ya hapa. Mweleze mkuu wa idara hesabu hiyo na uombe iingie kwenye makubaliano yenu. Kama idara haitaki kuingiza alama za nje kwenye GPA, njia nyingine inayokubalika ni masomo hayo yaandikwe "amefaulu", krediti zihesabiwe, na GPA yako ibaki ya masomo ya nyumbani. Kwa mtu wa 3.9, ambaye amekaa vizuri kwenye daraja la pili la juu, mimi ningechagua njia hii ya pili bila kusita. Muhula wa kwanza katika nchi ya ugenini, mitihani ya namna nyingine, baridi na upweke si mahali pa kuchezea GPA.

Karatasi ninayoizungumzia ni mkataba wa masomo. Upande mmoja una masomo utakayosoma nje: majina, namba, ECTS na muhtasari wa kila somo. Upande wa pili una masomo ya hapa yatakayozibwa. Chini kuna sahihi yako, ya mkuu wa idara na ya Amidi, na nakala inakwenda ofisi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma. Usitegemee masomo yafanane jina kwa jina. Idara nyingi hukubali kama sehemu kubwa ya maudhui inalingana, na kama si kati ya masomo ambayo lazima yasomwe nyumbani. Mradi wa utafiti wa mwaka wa tatu, kwa mfano, usijaribu kuuziba. Upange uufanye hapa. Na weka masomo mawili ya akiba, maana ukifika utakuta moja limefutwa muhula huo, au linagongana na jingine kwenye ratiba.

Sasa kalenda. Muhula wa baridi wa Ujerumani rasmi ni 1 Oktoba hadi 31 Machi, na mihadhara huanza katikati ya Oktoba ikaisha Februari. Muhula wa kiangazi ni 1 Aprili hadi 30 Septemba, mihadhara ikianza Aprili na kuisha Julai. Kwako muhula wa baridi ndio unaokaribiana na muhula wetu wa kwanza, na ni mzuri pia kwa sababu ukirudi bado una muhula wa pili wa kumalizia mradi wako. Tatizo ni mitihani. Kule mingi hufanyika baada ya mihadhara kuisha, Februari na hata Machi, wakati hapa wenzako wameshaanza au wako mlangoni kuanza muhula wa pili. Waandikie walimu wa kule mapema uulize tarehe ya mtihani wa kila somo, na uchague masomo yenye mtihani wa mapema au yanayopimwa kwa andiko. Muhula wa kiangazi una mgongano mwingine: unakula muda wa mafunzo kwa vitendo.

Rafiki yako anayesema utadisko hajakosea kabisa. Mwanafunzi anayeondoka bila ruhusa ya maandishi, asifanye mitihani, kwa kanuni za chuo ametoroka masomo, na hilo linaweza kumfukuzisha. Lakini kuondoka na kuondoka kwa ruhusa ni mambo mawili. Una njia mbili. Unaweza kuahirisha masomo, yaani usajili wako unasimama na unarudi baadaye. Ni salama dhidi ya kudisko, ila kwa kuwa masomo mengi ya hapa hufundishwa mara moja kwa mwaka, ahirisho la muhula mmoja hugeuka kuwa la mwaka, na ni vigumu zaidi kudai krediti ulizopata wakati kwa mujibu wa faili hukuwa masomoni. Au unaweza kubaki umesajiliwa hapa, na chuo kikaandika kwamba muhula huo unasoma mahali pengine kwa ruhusa. Njia hii ndiyo ya kupigania, ingawa mara nyingi utalipa ada ya hapa kama kawaida. Liweke hilo kwenye bajeti.

Kuhusu bumu: Bodi ya Mikopo humlipa mwanafunzi ambaye chuo kimethibitisha kuwa amesajiliwa na anaendelea na masomo. Ukiahirisha, linasimama. Ukibaki umesajiliwa kwa ruhusa ya kusoma nje, anayeweza kukwambia utathibitishwaje ni afisa mikopo wa chuo chako, na jibu lake ulitake kwa maandishi. Wakati huohuo panga fedha zako kana kwamba bumu halipo. Usikae kimya ukitumaini kwamba hakuna atakayegundua uko nje. Fedha iliyosainiwa na mtu asiyekuwepo hudaiwa baadaye, na inachafua rekodi yako mbele ya Bodi.

Tuvuke sasa. Mwanafunzi wa nje anaingia chuo cha Ujerumani kwa muhula mmoja kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya makubaliano: chuo chako na cha kule wamesaini, chuo chako kinakupendekeza, ada ya kule inasamehewa, na mara nyingi wanakusaidia kupata chumba. Ya pili ni yako, ya kujitegemea. Kwenye kurasa za vyuo vyao utalikuta neno Freemover, ndiyo wewe. Unaomba moja kwa moja, unasajiliwa kwa muda maalumu, muhula mmoja au miwili, bila haki ya kuchukua shahada ya kule. Hapa pana jambo ambalo wanaojipangia hulijua wakiwa wamechelewa: si kila chuo kinapokea wanafunzi wa aina hii, na hata kinachopokea kinaweza kukataa kwa idara fulani kwa kuwa maabara zimejaa. Kwa hiyo usitafute chuo kwa umaarufu. Tafuta kinachoandika wazi kwamba kinapokea wanafunzi wa kujitegemea wa shahada ya kwanza, kisha angalia kama masomo ya mazingira yanafundishwa kwa Kiingereza katika ngazi yako. Kule masomo ya Kiingereza yamejaa zaidi kwenye shahada ya uzamili. Kwenye shahada ya kwanza mengi ni kwa Kijerumani. Watakudai cheti cha lugha ya kufundishia, mara nyingi ngazi ya B2, yaani ya kati ya juu katika vipimo vya lugha vya Ulaya. Ukishapata vyuo viwili au vitatu, andika barua pepe fupi kwa ofisi yao ya kimataifa: wewe ni nani, mwaka gani, masomo gani, muhula upi. Jibu lao, hata la kukataa, ni bure.

Na "elimu ya bure"? Ni kweli nusu. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo kwa shahada ya kwanza, na badala yake unalipa mchango wa muhula, kati ya euro 100 na 400, ambao mara nyingi unajumuisha tiketi ya usafiri wa umma. Lakini jimbo la Baden-Württemberg, lenye Heidelberg, Freiburg, Tübingen na Stuttgart, tangu muhula wa baridi wa 2017/18 linawatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Wanaokuja kwa makubaliano ya vyuo husamehewa; wa kujitegemea hawana msamaha huo. Kwa hiyo kabla ya kupenda jina la chuo, angalia kiko jimbo gani.

Mzigo mkubwa lakini ni gharama za kuishi, na ubalozi unataka uthibitishe mapema kwamba unazimudu. Tangu Septemba 2024 kiwango cha mwanafunzi ni euro 992 kwa mwezi, yaani 11,904 kwa mwaka. Njia ya kawaida ya kuthibitisha ni akaunti inayoitwa Sperrkonto. Watu huiogopa wakidhani ni ada. Ni fedha yako mwenyewe: unaiweka yote kabla ya viza, inafungwa, na ukifika kule unafunguliwa kiasi cha mwezi kila mwezi. Kwa miezi sita ni euro 5,952. Tukihesabu euro moja kwa shilingi 2,900, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 17. Ongeza nauli ya ndege, ada ya viza euro 75, pasipoti kama huna, na ada ya kufungulia akaunti yenyewe. Bima ya afya, ambayo bila hiyo chuo hakikusajili, ni takriban euro 140 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa umri wako, nayo inatoka ndani ya ile 992. Kodi ya chumba pia. Hapo utaona kwa nini mji unaouchagua una uzito kuliko unavyodhani: bweni la wanafunzi Leipzig au Halle linakuachia fedha ya kula, wakati Munich chumba cha mtaani kinaweza kumeza sehemu kubwa ya mwezi.

Kuna watakaokwambia utafanya kazi ulipe. Sheria inamruhusu mwanafunzi wa nje kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Hata hivyo ubalozi haupokei ahadi ya kazi ambayo hujaipata, na katika muhula mmoja, ukiwa hujui lugha, muda wa kutafuta kazi unaweza kuisha kabla ya kazi kupatikana. Kama una ndugu wa karibu anayeishi Ujerumani na ana kipato, anaweza kusaini kule dhamana rasmi ya kukugharamia badala ya Sperrkonto. Ni deni la kisheria kwake, si barua ya ukarimu, kwa hiyo mwombe akijua hivyo.

Viza ya matembezi. Hapa nisikufiche neno hata moja: aliyekushauri hivyo amekushauri vibaya. Viza hiyo, ambayo ni ya Schengen, yaani ya muda mfupi ya nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja, inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Muhula ni mrefu kuliko hapo. Na Mtanzania hawezi kuingia Ujerumani kwa viza ya matembezi kisha akaibadilisha kuwa ya masomo akiwa palepale. Atatakiwa kurudi nyumbani na kuomba upya. Zaidi ya hayo, kumwambia afisa wa ubalozi kwamba unakwenda kutembea huku mfukoni una barua ya udahili ni kutoa maelezo ya uongo kwenye fomu rasmi, na alama hiyo inakufuata kwenye maombi yote yajayo. Unachohitaji ni viza ya taifa ya masomo, inayoombwa ubalozi wa Ujerumani Dar es Salaam, na faili lake mara nyingi hupelekwa pia kwa idara ya wageni ya mji unaokwenda. Ndiyo sababu huchukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Zamani aliyekataliwa aliweza kuuandikia ubalozi barua ya kupinga uamuzi, lakini utaratibu huo umefutwa tangu 1 Julai 2025. Sasa ukikataliwa unaomba upya au unakwenda mahakamani Berlin. Faili lako liwe safi mara ya kwanza.

Sasa wakala anauza nini kwa milioni tatu na nusu? Maombi ya chuo unatuma mwenyewe, na vyuo vingi havitozi kitu. Vinavyopitisha maombi kwenye huduma ya pamoja ya uni-assist hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila linalofuata. Ada ya viza inalipwa ubalozini. Kinachobaki ni ahadi, na viza hakuna wakala mwenye uwezo wa kuiahidi. Kuna mawakala wa kweli, na TCU ina orodha ya waliosajiliwa kupeleka wanafunzi nje. Mtu anayetaka shahada nzima anaweza kufaidika nao. Kwa muhula mmoja, ambao moyo wake ni makubaliano kati yako na idara yako, sioni anachokufanyia. Kama bado hujalipa, usilipe. Kama umelipa sehemu, hifadhi risiti na ujumbe wote wa simu.

Je, ni lazima iwe hivi, kwa fedha ya baba? Nakuomba upime njia nyingine kabla hujajibu. Mpango wa Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya unawachukua wanafunzi wa vyuo vya Afrika kwa muda wa miezi 2 hadi 12, ukiwalipa kati ya euro 800 na 900 kwa mwezi kutegemea nchi, pamoja na mchango wa nauli, na ada ya kule haidaiwi. Huwezi kuuomba peke yako. Lazima vyuo viwili viwe vimesaini. Lakini sikiliza jinsi unavyoanza: anayeomba fedha ni chuo cha Ulaya, na mara nyingi anayekisukuma ni mhadhiri mmoja anayefahamiana na mhadhiri wa huku. Katika ndaki yako yupo mwalimu aliyesoma uzamivu Ujerumani, Sweden au Ubelgiji, au anayefanya utafiti wa mito na misitu na watu wa kule. Mfuate. Pia waulize wa ofisi ya kimataifa chuo chako kina makubaliano na vyuo gani kwa sasa, maana umeniambia hakina na chuo unachokitaka, hukuniambia hakina kabisa. Mara kadhaa nimeona nafasi zikipita bure kwa sababu tangazo lilibandikwa ubao wa jengo ambalo wanafunzi wa fani nyingine hawapiti. Kwenda chuo ambacho hukukiota, kwa fedha iliyolipwa, ni bora kuliko kwenda cha ndoto kwa kuuza ardhi.

Njia nyingine iko jirani. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu mwaka 2017, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala linasimamia kulinganisha krediti kati ya nchi zetu. Muhula Makerere au Nairobi hauhitaji Sperrkonto, basi linakufikisha, na kwa mwanafunzi wa mazingira Ziwa Victoria ni lilelile linaloonekana kutoka ufuko wa pili. Najua si Ujerumani. Lakini kama unachotafuta ni kuona sayansi yako ikifundishwa kwingine, usiipuuze. Kuna pia shule za kiangazi za wiki tatu au nne huko Ulaya, ambazo huingia kwenye viza ya muda mfupi na haziharibu muhula wako. Na kuna kusubiri: ufadhili wa shahada ya uzamili kutoka DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, na mashirika mengine ni mpana kuliko wa muhula mmoja wa shahada ya kwanza, na mwenye daraja la pili la juu anaweza kuushindania.

Nikiyaweka mezani, hivi ndivyo ningefanya mwanangu angekuwa wewe. Kwa muhula wa baridi wa mwaka huu muda umebana. Vyuo vingi hufunga maombi ya muhula huo 15 Julai, vingine mapema zaidi, na viza inataka miezi yake baada ya hapo. Ningejaribu tu kama idara itasaini ndani ya wiki chache na fedha ipo bila kuuza chochote. La sivyo ningetumia mwaka huu kutafuta nafasi ya makubaliano, huku nikijifunza Kijerumani cha kuanzia pale Goethe-Institut, kituo cha lugha na utamaduni wa Kijerumani, Upanga, Dar es Salaam.

Baba mwambie kiwanja kikae. Kiwanja ni cha mwisho kuguswa, baada ya mkataba wa masomo wenye sahihi, barua ya udahili na jibu la afisa mikopo kuwa mkononi mwako. Mkifika huko na bado mnataka kuuza, muoneni mwanasheria kabla ya kupokea shilingi ya mnunuzi, kwa sababu anayeuza kwa haraka ya viza huuza kwa hasara. Na kuna mambo matatu ambayo maandishi yangu hayatoshi, uende mwenyewe: kama umewahi kukataliwa viza yoyote, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuomba tena, kama una ugonjwa unaohitaji dawa za kila siku, daktari wako akupe barua na bima ijue mapema, na kama wakala ana pasipoti yako mkononi, kaichukue leo, na akikataa nenda polisi.

Wiki hii fanya kimoja. Chapisha mihtasari ya masomo matano ya vyuo viwili ulivyovipenda, weka kando yake mihtasari ya masomo yako ya mwaka wa tatu, uombe nusu saa ya mkuu wa idara. Mpe karatasi, usimpe ndoto tupu. Akishakwambia yapi yanakubalika na kwa hesabu ipi, niandikie tena, tukae sote na baba tuhesabu fedha.